Kupanga kalenda ya dhoruba za Mwanza na Ziwa Victoria: jinsi ya kuipata tarehe sahihi

Kalenda ya hali ya hewa ya "siku kama ya leo", iwe ya redio, ya kikundi cha mwalo (mahali mitumbwi ya wavuvi hutia nanga) au ya klabu ya shule, huonekana kazi nyepesi mpaka vyanzo viwili vipishane kwa siku moja. Upande wa ziwa jambo hilo hutokea mara nyingi mno, na si kwa uzembe wa walioandika. Mchana nchi kavu hupata joto kuliko maji, upepo huvuma kutoka ziwani na mawingu ya radi hujikusanya juu ya vilima. Usiku mambo hugeuka: upepo wa nchi kavu hutoka kila upande kuelekea ziwani, hukutana juu ya maji, hewa hupanda, na dhoruba huiva kati ya saa sita usiku na asubuhi. Dhoruba kubwa ya ziwani kwa kawaida huvuka tarehe ikiwa bado inavuma. Mvua yake hupimwa saa 3 asubuhi, gazeti huiandika kesho yake, na mvuvi aliyenusurika huihesabu kwa usiku, si kwa tarehe. Sehemu kubwa ya kazi hii, basi, ni kuitafuta siku.

Amua kwanza kipi kinaingia

Kabla ya kukusanya chochote, chora mipaka ya eneo. Kalenda ya mkoa wa Mwanza pamoja na Ukerewe, Ukara na Kome ni mzigo unaobebeka kwa watu wawili au watatu. Ukitaka pwani yote ya Tanzania, kutoka Musoma hadi Bukoba, ujue unaunganisha tabia za mvua zisizofanana. Upepo wa mashariki husukuma dhoruba za usiku kuelekea magharibi mwa ziwa, ndiyo maana Bukoba hupata wastani wa karibu milimita 2,000 kwa mwaka wakati Mwanza hupata takribani nusu ya hizo. Kiwango kimoja cha "mvua kubwa" kwa kote kitajaza kalenda yako Bukoba tupu.

Kwa mvua, anza na milimita 50 ndani ya saa 24, kiwango ambacho Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hukitumia kuita mvua kubwa. Bukoba mwezi Aprili unaweza kukipandisha hadi 80. Katika kiangazi, Juni hadi Agosti, kishushe hadi 20 kila mahali, kwa sababu mvua ya namna hiyo Julai ni habari. Kwa upepo, kilomita 40 kwa saa zatosha kutikisa mitumbwi, lakini kwa kalenda tafuta vishindo vya noti 35 na zaidi, yaani karibu kilomita 65 kwa saa. Mvua ya mawe iliyoharibu mazao au mapaa iingie bila kujali ukubwa wa mawe. Radi iingie ikiwa imeua au kujeruhi.

Kisha kuna yale yanayopigania kuingia na hayastahili. Kuzama kwa MV Bukoba, 21 Mei 1996, ndilo tukio la ziwa linalojulikana kuliko yote, na karibu kila orodha ya mtandaoni hulichanganya na dhoruba. Meli ile ilizidiwa na mzigo na ilikuwa na matatizo ya uthabiti majini. Hesabu rasmi ya waliokufa ni 894. MV Nyerere iliyopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018 ni hivyohivyo: watu wengi kuliko uwezo wa kivuko. Tetemeko la Kagera la 10 Septemba 2016 ni la ardhi. Matukio haya yana heshima yake, lakini ukiyaweka kwenye kalenda ya hali ya hewa unamfundisha msikilizaji kwamba mawingu yalifanya kazi iliyofanywa na binadamu. Yawekee orodha ya pembeni. Ajali ya ndege ya Precision Air iliyoangukia ziwani ikikaribia kutua Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, watu 19 wakafa kati ya 43, inaingia: hali mbaya ya hewa ilikuwepo wakati wa kutua. Andika hivyo tu, kwamba ilikuwepo, bila kuigeuza kuwa sababu pekee.

Jedwali lenyewe

Fungua jedwali kwenye kompyuta lenye safu hizi: tarehe kamili, mwezi na siku peke yake, siku ya wiki, saa ya kuanza na ya kwisha, mahali, aina ya tukio, kipimo na kizio chake, madhara, chanzo, tarehe ya chanzo, daraja la uhakika, na maelezo. Tarehe kamili iandikwe kwa kuanza na mwaka, mfano 2015-03-03, ili jedwali lijipange lenyewe. Safu ya mwezi na siku (03-03) ndiyo utakayoichuja kila asubuhi. Ifanye iwe maandishi, si tarehe, la sivyo programu itaigeuza kuwa 3 Machi ya mwaka huu na hutagundua mpaka iharibike.

Tarehe ya chanzo ndiyo safu ambayo watu huiruka, nayo ndiyo itakayokuokoa. Gazeti la Alhamisi linaloandika "juzi usiku" linazungumzia Jumanne, au saa za kwanza za Jumatano, kutegemea mwandishi. Bila kuandika kwamba habari ilitoka Alhamisi, huwezi kurudi kuhesabu upya.

Madaraja matatu yatosha. A ni kipimo cha kituo kinachoungwa mkono na chanzo kingine. B ni vyanzo viwili vya maandishi visivyonakiliana (magazeti mawili yaliyochapa taarifa moja ya kamanda wa polisi ni chanzo kimoja). C ni chanzo kimoja au simulizi pekee. A na B vitangazwe, C isubiri.

Saa tatu zinazogombana

Ya kwanza ni saa ya watu. "Usiku wa Jumatano" kwa mzee wa pwani waweza kuwa usiku unaotangulia mchana wa Jumatano, kwa sababu siku kwake huanza jua likizama. Kwa kijana wa mjini ni usiku unaofuata. Usikisie. Uliza, au tafuta maneno "usiku wa kuamkia", ambayo hayana utata. Kwenye jedwali tumia siku inayobadilika saa sita kamili usiku, na saa uziandike kwa mtindo wa saa 24. Taarifa ya "saa 2:00 usiku" ni 20:00. Anayeingiza data kwa haraka ataandika 02:00, na dhoruba ya jioni itakuwa imehamia siku nyingine.

Ya pili ni saa ya kipimamvua. Mwangalizi wa kituo husoma chombo saa 3 asubuhi, ambayo ni saa 06:00 za kimataifa. Alichokisoma tarehe 4 ni mvua yote iliyonyesha tangu saa 3 asubuhi ya tarehe 3: radi ya saa 10 jioni tarehe 3 na dhoruba ya saa 8 usiku tarehe 4 ziko kwenye namba moja. Baadhi ya hifadhi za data huiandika namba hiyo kwenye siku iliyosomwa, nyingine huirudisha siku moja nyuma, na mara nyingi maelezo ya hifadhi hayasemi. Jipimie mwenyewe. Chukua siku 20 ambazo ripoti za uwanja wa ndege zinaonyesha mvua ya alasiri pekee, bila mvua ya usiku kabla wala baada, kisha angalia kiasi kimeandikwa tarehe ipi. Ikiwa 17 au 18 kati ya hizo zimeangukia kesho yake, umejua data hiyo hufuata siku ya kusoma. Fanya hivyo kwa kila hifadhi, na urudie ukikuta mahali data ilipobadilisha mkono, kwa mfano kutoka daftari la karatasi kwenda kituo kinachojirekodi chenyewe.

Ya tatu ni saa ya kimataifa, inayotumiwa na METAR, yaani ripoti fupi za hali ya hewa za viwanja vya ndege. Mwanza hutambulika kama HTMW. Kundi "042330Z" maana yake tarehe 4, saa 23:30 za kimataifa, ambayo hapa ni tarehe 5, saa 8:30 usiku. Ongeza saa tatu kabla ya kusoma tarehe, si baada. Ndani ya ripoti hizo tafuta TS kwa radi, GR kwa mvua ya mawe, SQ kwa kishindo cha upepo wa ghafla. Upepo umeandikwa kwa noti. Zidisha kwa 1.852 kupata kilomita kwa saa.

Mahali pa kupata data, na mitego yake

Chanzo cha kwanza ni Mamlaka ya Hali ya Hewa yenyewe. Peleka maombi ya maandishi ukitaja kituo, kipengele na miaka: "mvua ya kila siku, Mwanza uwanja wa ndege, 1991 hadi 2020" hujibika, "data zote za Mwanza" hukaa mezani. Omba pia maelezo ya lini kituo kilihamishwa au kubadilishiwa vifaa. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Ukiriguru, Misungwi, ni cha kuulizia pia, maana watafiti wa pamba wamekuwa pale kwa miongo mingi na mkulima bila daftari la mvua hafanyi utafiti.

Hifadhi za kimataifa ni za bure na zina namba za vituo: Mwanza ni 63756, Bukoba 63729, Musoma 63733. Muhtasari wa kila siku wa Marekani, GSOD, huandika mvua kwa inchi na joto kwa Farenhaiti. Mvua isiyopimwa huwekwa 99.99. Ukizidisha kwa 25.4 bila kuichuja, unapata siku yenye milimita 2,540, mvua ya mwaka mzima wa Bukoba na ziada. Kosa hilo linaonekana. Lisiloonekana ni sifuri: kwenye vituo vyetu 0.00 mara nyingine humaanisha kwamba hakuna taarifa iliyotumwa. Usiite mwezi "mkavu kuliko yote" kwa sifuri za namna hiyo.

Data za setilaiti na za modeli zina kazi yake, nayo si kutoa rekodi. CHIRPS, ya setilaiti, ina mvua kuanzia 1981 kwa miraba ya kilomita 5 hivi. ERA5, ya modeli, inarudi hadi 1940, saa kwa saa, kwa miraba ya kilomita 31. Mraba wa kilomita 31 unaweza kubeba Capri Point, Kisesa na kipande cha ghuba kwa namba moja. Zitumie kuuliza "je, siku hiyo kulikuwa na mvua eneo hili, na saa ngapi?" Picha za setilaiti za Meteosat za kila dakika 15, zinazopatikana tangu 2004, ni bora zaidi kwa swali la saa: unaliona wingu likizaliwa juu ya ziwa na kusogea magharibi.

Na mjini kwenyewe, kituo hakioni kila kitu. Uwanja wa ndege uko Ilemela, ukingoni mwa maji. Mto Mirongo unapita Mabatini na katikati ya jiji, ukikusanya maji kutoka vilima vya mawe ambavyo havinyonyi chochote: mvua ya nusu saa juu ya miamba inashuka yote, ikikuta mitaro imejaa taka. Hivyo mafuriko Mabatini yanaweza kuandamana na milimita 6 tu uwanja wa ndege. Vyote viwili ni kweli. Andika mafuriko kama tukio na kipimo cha kituo kama kipimo cha kituo. Kishawishi cha kuvilinganisha hadi kimoja kionekane uongo ndicho kinachofuta matukio mengi halali.

Kuuliza mialoni

Ziwani hakuna kipimamvua, kwa hiyo matukio mengi ya visiwani yamebaki vichwani mwa watu. Ukianza kwa "ilikuwa tarehe ngapi?" utapewa tarehe kwa adabu, na itakuwa ya kubuni. Anza na mwezi wa angani. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi wakati wa giza na hupumzika mbalamwezi ikipamba, kwa sababu taa zao hazivuti dagaa mbele ya mwezi mpevu. Aliyekuwa kwenye dagaa usiku wa dhoruba amekupa tayari zaidi ya nusu ya jibu. Endelea na siku ya mnada au gulio la jirani, ambalo hukupa siku ya wiki. Kisha shule zilikuwa wazi au zimefungwa, Ramadhani, uchaguzi, msiba wa kitaifa.

Tuseme mtu anasema: ilikuwa mwaka wa uchaguzi wa 2015, kabla ya kupiga kura, tulikuwa gizani, usiku wa kuamkia mnada wa Jumatano, na mawingu ya vuli yameshaanza. Kura zilipigwa Jumapili 25 Oktoba. Jumatano za mwezi huo kabla ya kura ni 7, 14 na 21. Mwezi ulikuwa mwandamo tarehe 13 na mpevu tarehe 27. Tarehe 21 mwezi ulishafika robo na mwangaza wake ulikaa hadi karibu usiku wa manane, kwa hiyo ni dhaifu. Zinabaki 7 na 14. Tarehe 14 ni Siku ya Nyerere. Muulize kama watoto walikwenda shule asubuhi ile. Jibu "walikwenda" linakuachia 7 Oktoba, na sasa ndipo unapofungua ripoti za uwanja wa ndege na picha za setilaiti za usiku wa 6 kuamkia 7. Ukifungua data kwanza utakuta radi kwenye tarehe nyingi za Oktoba na utachagua unayoipenda.

Waulize watu wawili wa mitumbwi tofauti, kila mmoja peke yake. Majina yao yasiingie kwenye kalenda. Mwalo na mwaka vyatosha. Na nguzo nyeusi inayosimama juu ya maji mchana si lazima iwe kimbunga cha maji. Makundi ya wadudu wadogo wa ziwani hupanda kama moshi na picha zake husambaa kwenye simu kila mwaka zikiitwa kimbunga. Kimbunga cha maji kimeungana na wingu juu na hurusha maji chini; nguzo ya wadudu huyumba, haina wingu la kushikilia.

Neno "rekodi"

Ukiwa na miaka 30 ya data, kila tarehe ina vipimo 30 tu. Mwaka unaofuata, uwezekano wa tarehe moja kuvunja rekodi yake ni 1 kati ya 31, hata hali ya hewa isipobadilika kabisa. Kwa siku 365, hizo ni rekodi kama 12 kila mwaka, kwa bahati tupu. Kwa mvua ni vurugu zaidi, kwani baadhi ya tarehe za Julai zinaweza kuwa na rekodi ya sifuri na manyunyu ya milimita 1 yanaivunja. Kwa hiyo taja miaka kila mara ("kubwa kuliko zote kwa tarehe hii, 1991 hadi 2020, uwanja wa ndege") na usitangaze rekodi iliyo chini ya milimita 20. Ukitaka wastani wa siku, chukua siku tatu kabla na tatu baada pamoja nayo. Wastani wa tarehe moja pekee huruka juu na chini kwa sababu ya dhoruba moja ya mwaka mmoja.

Yasiyo na siku

Ziwa kujaa si tukio la tarehe. Mvua zilizoanza mwishoni mwa 1961 ziliinua maji kwa zaidi ya mita 2 hadi kilele cha Mei 1964, na kiwango kile kilifikiwa tena Mei 2020, baada ya mvua za vuli kubwa za 2019. Mwaka 2006 ziwa lilikuwa limeshuka hadi gati zikabaki na matope. Mambo haya yawekwe kwenye ukurasa wa mwezi. El Niño ya 1997 na 1998 iwekwe hivyohivyo, isipokuwa pale ambapo una siku moja mahususi yenye kipimo au madhara.

Kuandika habari ya siku

Maneno 40 hadi 60 yatosha: siku ya wiki, mwaka, saa, mahali, kilichotokea, kipimo, madhara. Mfano: "Usiku wa Jumanne, 3 Machi 2015, mvua kubwa ya mawe na upepo viliangusha nyumba katika kijiji cha Mwakata, wilayani Kahama, mkoani Shinyanga. Taarifa za mwanzo zilitaja vifo 38. Za baadaye zilipita 40. Kahama iko nje ya ukanda wa pwani ya ziwa." Hesabu za vifo hupanda kwa siku kadhaa, kwa hiyo andika zote mbili na chanzo cha kila moja kibaki kwenye jedwali. Sentensi ya mwisho ni ya lazima kila unapotoka nje ya mipaka uliyojiwekea.

Siku nyingi hazitakuwa na kitu, nawe utashawishika kuazima. Tarehe 15 Aprili ni tamu mno: kimbunga kiliipiga Zanzibar tarehe hiyo mwaka 1872, na kingine kikaipiga Lindi tarehe hiyohiyo mwaka 1952, miaka 80 kamili baadaye. Itangaze, lakini kama habari ya pwani ya Bahari ya Hindi. Vimbunga vya namna ile haviwezi kufika ziwani vikiwa vimbunga: hulishwa na bahari yenye joto na hufa vikipanda bara. Kulingana kwa tarehe nako hakubashiri kitu. Katikati ya Aprili ni mwisho wa msimu wa vimbunga wa eneo hilo, basi.

Kwa siku tupu kabisa, toa wastani wa mvua wa siku saba zinazoizunguka, mvua kubwa kuliko zote ya tarehe hiyo na mwaka wake, na utabiri wa leo wa ziwa kama ulivyotolewa na Mamlaka, ukitaja kama ni angalizo, tahadhari au tahadhari kubwa. Ya zamani na ya leo yatenganishwe kwa sauti au kwa mstari, kwa sababu mtu anayesikiliza nusu nusu akiwa anasukuma mtumbwi anaweza kuichukua dhoruba ya 1998 kama onyo la alasiri hii.

Tarehe 29 Februari iwe na ukurasa wake, yenye vipimo saba au vinane tu katika miaka 30, na rekodi yake isilinganishwe na jirani zake. Msomaji akileta masahihisho ya tarehe, usifute mstari wa zamani: ushushe hadi daraja C, andika sababu kwenye maelezo, fungua mstari mpya.